Faida Iliyolala Ng'ambo

Kampuni ya Osukuku na Ndugu, yenye ghala lake nyuma ya kituo cha reli cha Malaba, ilipata faida kila mwaka. Ila faida hiyo haikuwahi kupatikana nyumbani siku ya kuhesabiwa. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Callistus Osukuku, mwenye kampuni, alikuwa amelipangia utaratibu kwa uangalifu uleule aliowafundisha wapakiaji wake katika kupanga mabunda ya chumvi: hakuna kilichowekwa mahali pasipo sababu.

Upande huu wa mpaka, hesabu za kampuni yake zilifungwa mwisho wa Desemba. Upande wa pili, penye duka la jumla lililoandikishwa kwa jina la dada yake Akiteng, zilifungwa mwisho wa Juni. Basi kila ilipofika Novemba, Osukuku aliliuzia duka la dada yake shehena kubwa za chumvi kwa bei ambayo hakuna mfanyabiashara angempa mtu asiyezaliwa naye tumbo moja. Duka likaiuza chumvi hiyo kwa bei ya soko. Faida ikavuka daraja la mpakani pamoja na malori, na Desemba ilipokwisha, kampuni ya Malaba ilionekana imekonda kama mtu aliyetoka kuugua. Kisha, kabla ya Juni, duka la Akiteng liliilipa kampuni ya kaka yake ada ya usimamizi, ada ya ushauri, na pango la ghala ambalo halikulitumia. Nalo likakonda kwa zamu yake. Faida ikarudi nyumbani, ikakaa miezi michache, ikavuka tena. Kodi yake ikawa jambo la mwaka ujao, na mwaka ujao haukufika.

Osukuku hakujihesabu kuwa mwizi. Aliwalipa vijana wake kwa wakati, hakuwahi kumpunja mteja uzito, na kanisani alijulikana kwa mkono wazi. Alijiambia kwamba foleni ya malori inaweza kusimama mwezi mzima, kwamba bei ya mafuta haina adabu, na kwamba mtu mwenye kampuni ndogo mpakani hana budi kujiwekea akiba pale anapoweza. Katika maneno hayo yalikuwamo ya kweli, na ndiyo sababu yalimtuliza.

Mhasibu wake, Vivian Nasimiyu, binti wa Butula, alikuwa amemwonya zaidi ya mara moja.

"Mzee, ukitaka gharama za kuchakaa kwa malori, sheria inakupa. Ukitaka kununua gari jipya kabla ya mwaka kufungwa, nunua. Hiyo ni milango iliyowekwa ili watu wapite. Lakini bei hii ya chumvi haina mlango wa kutokea."

"Mlango upo, Vivian. Unaitwa Juni."

"Na siku tutakayoukuta umefungwa?"

"Wewe binti, ulisomea uhasibu au unabii?"

Vivian alirudi kwenye vitabu vyake, kwa kuwa mshahara wake ulilipa karo ya wadogo zake wawili, lakini hakucheka.

Akiteng mwenyewe hakuwa na habari kamili ya mambo hayo. Alikuwa mjane wa Omuse, mtu wa Amukura, na aliishi katika boma la marehemu mumewe pamoja na watoto wake watatu. Asubuhi alivuka daraja kwenda kulisimamia duka, jioni alirudi. Kaka yake alimlipa mshahara wa kawaida wa msimamizi. Karatasi zilipoletwa, alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, kama vile dada wengi hutia sahihi kwa kaka zao wakubwa.

Mwezi wa Januari Akiteng aliomba mkopo katika chama cha akiba na mikopo, apate kununua mashine ya kusaga mahindi. Chama kikataka hesabu za duka lake. Osukuku, kwa kumtakia mema, alimwagiza Vivian atoe hesabu za nusu mwaka, zilizoishia Desemba, wakati duka lilikuwa limenona. "Mwenye kukopesha hapendi kuona mifupa," alisema. Mkopo ukatolewa, mashine ikanunuliwa, na Osukuku akajipongeza kwamba karatasi moja imefanya kazi njema pande zote mbili.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Akiteng aliingia ofisini kwa kaka yake bila kubisha hodi. Vivian alikuwapo, akilinganisha risiti.

"Kaka, mimi ni tajiri?"

Osukuku aliinua macho. "Nani kakwambia?"

"Shemeji Ongodia. Amesema nina milioni sita. Nimekuja kuuliza zilipo, niwanunulie watoto viatu."

Ongodia alikuwa mdogo wa marehemu Omuse, naye alikuwa mjumbe wa kamati ya mikopo ya chama kile. Hesabu za duka zilipita mbele yake, akazisoma mwanzo hadi mwisho, akarudi nyumbani na uchungu. Alikuwa na wana wanne, wote watu wazima, na ardhi isiyowatosha hata kujenga vibanda. Omuse alikuwa ameacha ekari tatu nzuri zinazoteremka hadi mtoni. Ongodia aliwaendea wazee wa ukoo, akawaambia kwamba mjane wa ndugu yake anavuna mamilioni ng'ambo ilhali wanawe yeye wanakodi mashamba ya watu. Akaomba mjane aachiwe boma peke yake, na shamba ligawiwe wanawe.

"Wanakaa Jumatatu ya Pasaka, wakati watu wote wamerudi nyumbani," alisema Akiteng. "Naibu wa chifu atakuwapo. Watakalokubaliana ndilo litakaloandikwa kwenye barua ya chifu, na bila barua hiyo mahakama haifungui kesi ya urithi. Nimewaambia sina hizo milioni. Wamenionyesha sahihi yangu."

"Zile fedha ni za karatasini," alisema Osukuku.

"Basi shamba langu linachukuliwa na karatasi."

Osukuku alisugua paji la uso. "Sikiliza. Vivian anaweza kuandaa hesabu nyingine, za Machi. Tukilipa ada zote za usimamizi wiki hii, duka litaonyesha hasara. Utawapelekea hizo."

"Mzee," alisema Vivian, bila kuinua sauti, "Ongodia anazo za Desemba. Tukimpa za Machi, atauliza ni zipi za kweli. Tutamjibu nini?"

"Kwamba biashara imeanguka."

"Ndani ya miezi mitatu? Kwa duka la chumvi? Watu wameacha kula ugali na mboga?"

Akiteng aliketi juu ya bunda lililokuwa karibu na mlango. "Kaka, sikuja kuomba karatasi ya pili. Hiyo ya kwanza imetosha."

"Basi nitakununulia shamba jingine. Funyula kuna ardhi nzuri na bei yake si mbaya."

"Funyula nina nani? Omuse amezikwa Amukura. Watoto wake ni wa pale. Nikihama kwa sababu nimeitwa tajiri, nitarudi vipi nikiwa maskini?" Alisimama, akajifunga leso yake vizuri. "Nataka uje useme kilicho chako na kilicho changu. Hilo tu."

Alipokwisha kutoka, Osukuku alimwuliza mhasibu wake itamgharimu nini. Vivian hakuhitaji muda mrefu. Jawabu hilo alikuwa amelibeba siku nyingi. Hesabu za mwaka uliopita zilikuwa bado hazijapelekwa kwa watu wa kodi, kwa hiyo zingeweza kuandikwa upya kwa bei ya soko. Za miaka ya nyuma zingehitaji kurekebishwa moja baada ya nyingine, na kodi iliyokwepwa ilipwe pamoja na riba. Mwenye kujitaja kabla hajatajwa hupunguziwa adhabu. Aliyetajwa na wengine hapunguziwi.

"Kampuni itabaki?"

"Itabaki, mzee. Lakini haitabaki kama ilivyo."

Jumatatu ya Pasaka, wazee wa ukoo waliketi uani kwa marehemu Omuse. Chungu cha pombe ya wimbi kilikuwa kimeandaliwa, na mirija mirefu ya kunywea imelazwa juu ya mkeka, kwa maana Mzee Ikapel, aliyeongoza kikao, hakuruhusu mtu kunywa kabla shauri halijakatwa. Osukuku, akiwa ndugu wa mke, alipewa kiti karibu na lango. Mkwe huheshimiwa sana katika boma la watu, na sehemu ya heshima hiyo ni kwamba hasemi mpaka aulizwe.

Ongodia alisema kwanza. Hakutukana wala hakupayuka.

"Wazee wangu, huyu mama sina ugomvi naye. Kaka yangu alipougua, yeye ndiye aliyemwosha. Lakini mimi nina wana wanne, na mnajua wanapolala. Kama mama huyu hangekuwa na kitu, ningekuwa wa kwanza kusema asiguswe. Ana kitu. Nimekisoma kwa macho yangu."

"Umekisoma wapi?" aliuliza mzee mmoja.

"Kwenye kamati."

"Kumbe kamati yenu inasoma kwa sauti," alisema mzee yule, na watu wakacheka. Ongodia aliinamisha kichwa, kwa kuwa alijua kwamba ya kamati hayakupaswa kufika uani.

Akiteng alipopewa nafasi, alisema maneno machache. Duka lina jina lake, chumvi si yake, faida hajaiona. Mwenye kujua ni kaka yake, naye yuko pale langoni.

Mzee Ikapel aligeuka. "Mkwe, karibu. Dada yako anasema wewe ndiwe mwenye fumbo. Lifumbue."

Osukuku alisimama. Usiku uliotangulia alikuwa ameandaa usemi wa katikati: kwamba biashara ina wabia, kwamba mapato si faida, kwamba mambo ya kampuni ni marefu. Aliuanza usemi huo, akafika mahali pa kusema "kwa mujibu wa taratibu za kihasibu," ndipo Ikapel alipomkatiza kwa upole.

"Mkwe, mimi niliishia darasa la nne. Nikuulize kwa Kiswahili cha sokoni. Chumvi ile ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee."

"Na ikiuzwa, fedha ni za nani?"

"Ni zangu."

"Sasa mbona zimeandikwa kwa dada yako?"

Hapakuwa na namna ya kulizunguka swali hilo. Osukuku alifungua kinywa, lakini kabla hajasema, Alinga, naibu wa chifu, aliinua mkono.

"Mniwie radhi, wazee. Mimi nina masikio mawili, na moja ni la serikali. Mkwe akijibu, nitakuwa nimesikia. Asije akasema kesho kwamba sikumwambia."

Lile lilikuwa onyo la mtu mwema, na kila mmoja pale alilielewa hivyo. Osukuku angeweza kukaa kitini, akasema kwamba atalileta jibu kwa maandishi. Hakuna ambaye angemlaumu mbele ya macho yake. Alimtazama dada yake. Akiteng alikuwa ameshika ungo wa njugu alizokuwa akizibambua tangu kikao kianze, naye hakumtazama. Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa imesimama.

"Zimeandikwa kwake," alisema Osukuku, "ili zisionekane kwangu. Huku hesabu hufungwa Desemba. Kule hufungwa Juni. Karibu na Desemba huipeleka faida kwake kwa kumwuzia chumvi kwa bei ya bure. Karibu na Juni huirudisha. Watu wa kodi wa huku wakija, haipo. Wa kule wakija, imeondoka. Dada yangu hutia sahihi kwa sababu mimi ndiye ninayemletea karatasi. Katika zile milioni sita, zake ni mshahara wake."

Wazee walitazamana. Kisha Mzee Ikapel akaanza kucheka, polepole, mabega yakimtikisika.

"Kumbe ni ng'ombe wa kuficha," alisema. "Watu wangu, hamwelewi? Wazungu walipokuja kuhesabu mifugo, baba yangu alikuwa akiwaswaga ng'ombe wake mtoni, wakalale kwa wakwe zake upande wa Tororo. Wakihesabu kule, anawarudisha huku. Tulikua tukiambiwa kwamba sisi ni maskini, na maziwa tunakunywa."

"Baba yako hakuwa peke yake," alisema mzee mwingine. "Wangu alimficha hata fahali. Fahali akanguruma karani alipokuwa akinywa chai."

Kicheko kikaenea uani kote, na hata Alinga akatabasamu. Lakini Ikapel aliuinua mkono wake, na sura yake ikabadilika.

"Cheko ni cheko. Ng'ombe wa kuficha ana sharti lake. Anayemtunza hunywa maziwa, lakini ng'ombe si wake. Na siku anayemtunza anapodhaniwa tajiri, mwenye ng'ombe hana budi kuja kumtaja mbele ya watu. Asipokuja, ng'ombe ni wa zizi alimolala. Akija, amekwisha tajwa. Harudi tena mafichoni. Mkwe, hilo unalikubali?"

"Nililikubali nilipotoka kwangu asubuhi," alisema Osukuku, ijapokuwa kwa kweli alilikubali wakati ule ule.

"Basi mama huyu hana milioni. Hoja ya utajiri imeanguka. Ongodia, unayo nyingine?"

"Tangu Januari," alisema Ongodia, "nimepita mlangoni pa mama huyu bila kumwamkia. Nilikuwa nikiona mamilioni yameketi pale ndani, yananicheka." Alimgeukia Osukuku. "Na wewe, mkwe, ulikuwa ukijua."

"Sikujua kwamba karatasi itafika kwako."

"Ilifika. Nami ni mjumbe wa kamati, kwa hiyo hapa hatujamaliza. Mkopo wa mashine ulitolewa kwa nguvu ya karatasi hiyo hiyo. Fedha zile ni za wanachama, akina mama wa sokoni. Sitaweza kunyamaza juu ya hilo."

Osukuku alitaka kusema kwamba atamdhamini dada yake, lakini Akiteng alimtangulia.

"Usinyamaze, shemeji. Mashine irudi dukani ilikonunuliwa, na mkopo urudi chamani. Nitasaga kwa watu kama zamani." Hayakuwa maneno mepesi kwake, kwa maana mashine ile ilikuwa imeanza kumwingizia fedha, na jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. "Lakini shamba lisemwe leo."

Lilisemwa. Wazee walikubaliana kwamba ekari tatu zote, kutoka boma hadi mtoni, zibaki kwa mjane na watoto wa Omuse, na Alinga akayaandika majina yao moja moja kwa ajili ya barua ya chifu. Alipomfikia Ongodia ili atie sahihi akiwa shahidi wa familia, Ongodia alishika kalamu bila kuandika. Hakuwa amekataa, alionekana tu kama mtu aliyechoka.

Akiteng aliweka ungo chini.

"Shemeji, sasa ni langu?"

"Ni lako."

"Kama ni langu, nina neno. Ile sehemu ya chini, karibu na mto, siwezi kuilima peke yangu. Wanao wailime kwa msimu, wanilipe magunia mawili kila wakivuna. Iandikwe kwamba ni ya kukodi, wazee wasikie, na mipaka isisogee."

"Magunia mawili ni mengi," alisema Ongodia.

"Ni mengi kwa nani? Juzi ulitaka shamba langu zima bila gunia hata moja."

Watu wakacheka tena, na safari hii Ongodia mwenyewe alishindwa kujizuia. "Gunia moja na nusu."

"Mawili. Mimi si tajiri."

Ongodia alitia sahihi. Mzee Ikapel akanyoosha mkono kuuchukua mrija wake, na wengine wakavuta viti kukizunguka chungu. Osukuku aliaga kwa heshima, kama impasavyo mkwe, na hakuna aliyemzuia. Akiteng alimsindikiza hadi barabarani. Hapo dada mtu alimwambia kwamba tangu siku ile hatatia sahihi karatasi ambayo hajasomewa yote, hata ikiwa amechelewa kazini. Osukuku alijibu kwamba atamsomea yeye mwenyewe.

"Hapana," alisema Akiteng. "Nitasomewa na Vivian."

Akiteng aliporudi ndani, Osukuku alitoa simu na kumpigia mhasibu wake.

"Vivian, weka bei ya soko."

"Kwa shehena ipi, mzee?"

"Zote za mwaka jana. Kisha tuanze za nyuma."

"Nimezifanyia hesabu, mzee. Tutalazimika kuuza lori moja."

Osukuku alifikiri. Yalikuwapo malori matatu katika kampuni yake: mawili yalikuwa yamechoka, na moja alikuwa amelinunua mwaka uliotangulia, naye alilipenda kuliko alivyopaswa kukipenda chombo cha chuma.

"Uza lile jipya," alisema. "Hayo mengine hakuna atakayeyanunua."